Moto wa Pili wa Alumini

Tangu habari za kiwanda cha kusindika gesi asilia huko Likong'o, karibu na mji wa Lindi, zilipoanza kusikika katika vijiji vya pwani na kupanda hata juu ya uwanda wa Rondo, maongezi ya vijana wengi na ya wazazi wao yamekuwa juu ya kazi ya kulehemu, nayo ni haki yao, kwa sababu hakuna bomba, tangi wala ngazi ya mtambo isiyopita mkononi mwa fundi wa kulehemu. Lakini katika maongezi hayo nimesikia habari za mashine, vyeti na mishahara, wala sijasikia neno juu ya jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo litakaloamua kama fundi wetu atakuwa fundi kamili au mshika koleo wa wageni. Jambo hilo ni matiko: maarifa ya kuyapa moto na kuyanyima moto madini yaliyokwisha kuungwa.

Alumini naitanguliza mbele ya chuma kwa sababu. Gesi asilia haigeuki kuwa kimiminiko mpaka ipozwe hadi digrii 162 za sentigredi chini ya sifuri, na katika baridi ya namna hiyo chuma cha kawaida hupoteza ustahimilivu wake kikapasuka kwa pigo dogo, ilhali alumini hubaki na ushupavu wake. Ndiyo maana sehemu nyeti za mitambo ya kuipoza gesi hujengwa kwa alumini, na matangi ya duara ya meli nyingi zichukuazo gesi hiyo yameumbwa kwa alumini ya aina iitwayo 5083. Fauka ya hayo, madini haya yamekwisha kuingia katika maisha yetu bila ya kubisha hodi. Tunayo katika sufuria na katika fremu za madirisha, tunayo katika magurudumu ya pikipiki zinazopanda Rondo na abiria wawili na gunia la mahindi, na boti za mwendo kasi ziitwazo Kilimanjaro, zinazovuka baina ya Dar es Salaam na Unguja, ziliundwa kwa mabamba ya alumini huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Siku ya kuvitengeneza vitu hivi vyote, fundi aitwaye ni wa hapa hapa.

Matiko si habari ngeni kwa watu wa pwani hii. Waliochimba mabaki ya kale ya Kilwa Kisiwani walikuta dalili za uyeyushaji wa chuma katika tabaka za awali za mji, chini ya zama za misikiti mikubwa ya mawe, na mhunzi wa zamani alijua kwamba panga lililotoka motoni halijawa panga mpaka lichovywe majini kwa kadiri na kwa wakati wake. Hata leo, katika viwanda vya kupasua mbao, kama vile vipasuavyo misaji, msumeno wa mkanda ukikatika, fundi husawazisha ncha zake mbili kwa jiwe la kunolea, huziunganisha kwa umeme, kisha hauharakishi kurudi kazini, maana ajua kwamba pale palipoungwa pamekuwa pagumu kupita kiasi, na ukifungwa vivyo hivyo utakatika papo hapo kabla ya gogo la kwanza kwisha. Kwa hiyo hupapasha mahali pale moto wa pili, wa taratibu, hata rangi ya chuma igeuke, akapaacha papoe polepole. Fundi huyo hana shahada, lakini ana nusu ya ilimu ninayoisemea. Nusu iliyobaki ni ya alumini, ambayo tabia yake ni kinyume.

Chuma kikitiwa moto mwekundu na kuzimwa ghafla majini hupata ugumu saa ile ile. Alumini ya aina ipokeayo matiko ikitiwa moto wa kadiri yake na kuzimwa vivyo hivyo hutoka majini ikiwa laini, kisha ugumu huijia baadaye, kwa kukaa. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Alfred Wilm, aliyekuwa akitafuta alumini ngumu kwa mahitaji ya jeshi, aliitia moto alumini iliyochanganywa na shaba kidogo na magnesi, akaizima, akaipima, akaiacha, na aliporudi kuipima tena baada ya siku chache alikuta imekuwa ngumu zaidi pasina mtu kuigusa. Wenyewe waliokuwa wakifanya kazi hiyo hawakuweza kueleza sababu. Hata ndugu wawili wa Wright, walioruka kwa eropleni mwaka 1903, walikuwa na injini ya alumini iliyosubiwa pamoja na shaba, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba injini ile ilikwisha kupata matiko ya namna hii bila ya wao kujua. Haikuwa mpaka mwaka 1938 ambapo Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwa miali ya eksirei kilichokuwa kikitendeka: ndani ya alumini iliyozimwa, chembe za shaba au za madini mengine, zilizokuwa zimetawanyika kama zilivyonaswa na baridi ya ghafla, hukusanyika pole pole katika vikundi vidogo mno, visivyoonekana kwa darubini ya kawaida, na vikundi hivyo ndivyo vizuiavyo tabaka za madini zisiteleze moja juu ya nyingine.

Alumini ya Wilm ilipewa jina la duralumini, na miaka michache tu baadaye ilikuwa njiani kuja kwetu. Mwezi wa Novemba 1917, majuma machache baada ya mapigano makali ya Mahiwa, ambayo yalimwaga damu ya watu wengi chini ya Rondo, merikebu ya angani ya Kijerumani L59, ambayo mbavu zake zilikuwa za duralumini, iliondoka Jamboli katika Bulgaria kuleta risasi na dawa kwa majeshi ya jemadari wao von Lettow-Vorbeck, ikikusudia uwanda wa Wamakonde, na ilikuwa imepangwa kwamba ikifika isirudi tena, bali ivunjwe, nguo yake iwe mahema na mbavu zake zitumike kwa milingoti ya simu ya upepo. Ilipofika juu ya Sudani ikaamriwa kurejea, ikamaliza safari ya takriban kilomita 6,800 kwa saa 95 bila kutua. Mbavu zile zilishikizwa kwa ribiti, wala hazikulehemiwa, na sababu yake ndiyo msingi wa maneno yangu: aliyeilehemu duralumini kwa moto wa kuyeyusha aliyaharibu matiko yake, na mara nyingi alipata ufa pamoja na ulaini. Abiria aketiye dirishani katika ndege itokayo uwanja wa Kikwetu akitazama bawa ataona safu za ribiti, moja baada ya moja, na zile ni kumbukumbu ya kushindwa kwa kulehemu kwa muda wa miongo mingi.

Kushindwa huko kulipata dawa mwaka 1991, pale Wayne Thomas na wenzake wa taasisi ya ulehemu ya TWI, karibu na Cambridge katika Uingereza, walipobuni njia ya kulehemu bila ya kuyeyusha. Mabamba mawili hubanwa pembe kwa pembe juu ya meza imara; kifimbo cha chuma kigumu, chenye bega pana na msumari mfupi nchani, huzungushwa kwa kasi na kudidimizwa katika mstari wa kukutana, bega likalalia juu na msumari ukazama ndani; msuguano ukaleta joto la digrii 450 au 500, ambalo halifiki daraja ya kuyeyusha, lakini latosha kulainisha; kisha kifimbo kikatembezwa kufuata mstari, kikikoroga madini ya upande huu na ya upande ule, kama mpishi wa halua akorogavyo kwa mwiko hata unga na sukari visiweze kutambulikana tena kipi ni kipi. Hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna waya wa kujazia. Waliotangulia kuitumia njia hii katika biashara walikuwa Wasweden wa kampuni ya Sapa, waliounga mabamba ya alumini ya vyumba vya kugandishia samaki katika meli za uvuvi, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imeingia katika roketi. Mwaka 1999 roketi ya Delta II iliruka na sehemu iliyoungwa kwa njia hii.

Msomaji aweza kudhani kwamba, maadamu madini hayakuyeyuka, matiko yake yamesalimika. Hayakusalimika, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Twaa alumini iitwayo 6061, ambayo ina magnesi kadiri ya sehemu moja katika mia na silikoni pungufu ya hapo, nayo hupatikana kwa wingi katika ngazi, fremu na viunzi. Ikiwa laini kabisa, milimita moja ya mraba yake hukatika kwa uzito wa kilo 12 au 13. Ikitiwa moto wa digrii 530, ikazimwa majini, kisha ikawekwa katika tanuri ya digrii 160 hadi 175 kwa saa nane au zaidi, milimita ile ile hubeba kilo 31. Tofauti hiyo yote ni kazi ya moto. Sasa kifimbo kinachozunguka kikipita, hukata ukanda wa namna tatu. Katikati, palipokorogwa, joto huwa kubwa kiasi cha kuziyeyushia chembe zile ndani ya alumini, na punje za madini hubaki ndogo mno, za kadiri ya sehemu chache za elfu za milimita, jambo lililo jema. Pembezoni mwa hapo pana ukanda uliopindwa na kupashwa kwa pamoja. Na nje kidogo, ambapo kifimbo hakikugusa na jicho halioni alama yoyote, joto lilifika digrii 300 au 400 na kukaa, nalo halikutosha kuziyeyusha chembe, lakini lilitosha kuzinenepesha. Chembe chache kubwa zikala nyingi ndogo, na vizuizi vikawa vichache na vilivyo mbali mbali. Ukanda huo wa nje ndio mnyonge. Kiungo kikivutwa katika mashine ya kupimia hukatika hapo, aghalabu, wala si katika mshono, na nguvu yake mara nyingi huwa baina ya theluthi mbili na robo tatu ya ile ya bamba zima.

Ndipo ulipo umuhimu wa moto wa pili, na ndipo ilipo hatari yake pia. Anayekirejesha kiungo katika tanuri ya digrii 175 peke yake atauimarisha ukanda wa kati, kwa sababu huko chembe zimeyeyuka na zangojea kukusanyika upya, lakini ukanda mnyonge wa ubavuni hautapata kitu cha maana, kwa kuwa magnesi na silikoni yake vimekwisha kufungwa ndani ya chembe zilizonenepa. Anayetaka kuurudisha ukanda ule hana budi kuanza tangu mwanzo: kukipasha kiungo chote digrii 530, kukizima majini, kisha kukipa zile saa za tanuri ya pole pole. Akifanya hivyo kwa insafu, ugumu hurejea sawasawa toka upande hata upande, karibu na ule wa awali. Lakini zile punje ndogo za katikati zilizopatikana kwa kukorogwa hazipendi joto hilo, na katika hali nyingi huvimba kwa namna isiyo ya kawaida, moja ikimeza jirani zake mpaka kufikia ukubwa wa milimita na zaidi, na kiungo kilichokuwa kikipindika bila madhara kikawa chepesi kupasuka kinapopindwa. Na bamba refu likizimwa majini hujipinda. Na ubavu wa boti hauingii katika tanuri yoyote. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kuandikwa ukutani. Kuna hukumu ya fundi, ambayo yataka ajue kiungo chake kitabeba nini, kitapindwa au kitavutwa, na kama kuna tanuri ya kukitosha.

Zaidi ya hayo, si kila alumini ipokeayo moto wa pili. Ile 5083, ambayo ndiyo ya vyombo vya baharini na ya matangi ya gesi niliyoitaja, hupata nguvu zake kwa magnesi iliyo ndani yake na kwa kufinywa ikiwa baridi, na tanuri haiiongezei kitu ila hasara. Ikikaa kwa muda mrefu katika joto lipitalo kiasi cha digrii 65, magnesi hujitenga na kujipanga mipakani mwa punje, na maji ya chumvi yakiifikia mipaka hiyo huila kutoka ndani, huku uso wa bamba waonekana mzima. Fundi wa Kilwa Masoko aliyesikia kwamba alumini hutiwa matiko baada ya kulehemu, akakichoma kiraka cha boti ya 5083 kwa nia njema, amekiuza chombo kwa bahari. Hili latia hofu zaidi kuliko kutojua kabisa, na ndilo linifanyalo nisitosheke na semina za siku mbili. Swali la kwanza la fundi mbele ya alumini iwe ni hili: nasaba yake ni ipi? Namba zile nne zilizogongwa juu ya bamba, ambazo wauzaji wengi wa vyuma chakavu huzikwangua au hawazitazami, ndizo ziamuazo kama moto ni dawa au ni sumu.

Nimewahi kuona gharama ya kutouliza. Katika karakana moja ya pwani hii, gurudumu la alumini la gari dogo lililokuwa na ufa lilitengenezwa kwa kazi ya kupendeza macho, mshono umelala kwa mafundo sawasawa, umesuguliwa na kupakwa rangi ya fedha, na mwenyewe akalipa akashukuru. Magurudumu ya namna hiyo husubiwa kwa alumini yenye silikoni na magnesi, kisha hutiwa matiko kiwandani, na fundi alikwisha kuyafuta matiko hayo kwa upana wa vidole viwili kila upande wa mshono. Gari liliteremka mlima wa Rondo likiwa limepakia, na gurudumu likapasuka katika kona. Nililishika mkononi: mshono ulikuwa mzima kabisa, na mpasuko ulikwenda sambamba nao, mbali nao kwa upana wa kidole, katika madini yaliyoonekana hayana kosa lolote. Hakufa mtu, kwa rehema ya Mungu. Fundi alipoonyeshwa alisema kwa unyofu kwamba mshono wake haukuachia, na alisema kweli, kwa kadiri ya alivyofundishwa.

Wapo watakaonijibu kwamba haya ni mambo ya roketi, na kwamba mkoa wenye shule zisizo na madawati hauwezi kununua mashine za kulehemu kwa msuguano. Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini hesabu zao si kamili. Katika vyuo vingi vya Uhindi, Misri na Uturuki njia hii imejifunzwa kwa mashine ya kawaida ya milingi, ile ya kuchongea vyuma kwa kisu kizungukacho, ambayo badala ya kisu imefungwa kifimbo cha chuma kigumu kilichochongwa hapo hapo. Digrii 175 ni joto ambalo tanuri ya mwoka mikate hulipita kila alfajiri. Tanuri ya digrii 530 ni ghali zaidi, kwa kuwa yataka kipima joto cha kuaminika na usawa wa joto toka kona hata kona, lakini bado ni kitu cha kujengwa na mafundi wetu wenyewe, na gesi ya kuiwasha imo chini ya miguu yetu: kisima cha Songo Songo, katika wilaya ya Kilwa, kiligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 gesi yake hupita baharini na barani kwenda kuwasha mitambo ya Dar es Salaam. Kwamba joto hilo lote lipite mbele ya mlango wa Kilwa na Lindi bila ya tanuri moja ya shule kuwashwa nalo ni jambo nisiloweza kulikubali kwa moyo mkunjufu.

Nataka, basi, chuo cha VETA Lindi kipewe mashine ya milingi yenye nguvu, tanuri mbili, moja ya juu na moja ya chini, na kipima ugumu, kile kidogo kinachodidimiza risasi ya chuma katika madini na kusoma kina cha alama. Kipima ugumu nakiweka mbele ya vyote. Mwanafunzi akilehemu vipande viwili vya 6061, akavipima kutoka katikati ya mshono hadi nje, kila milimita mbili, na kuandika namba, ataona kwa macho yake mwenyewe namba zikishuka ubavuni na kupanda tena mbali. Kisha akaviweka katika tanuri kwa njia hii na kwa njia ile, akapima tena, hatahitaji mwalimu kumwambia habari za chembe kunenepa. TIRDO, taasisi ya utafiti wa viwanda iliyoundwa mwaka 1979, ina wajibu wa kuwasaidia walimu wa mikoani katika vipimo hivi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wahandisi ambao ningependa kuwaona wakishuka Lindi na kukaa muhula mzima, badala ya kuja kufungua warsha na kuondoka na basi la jioni.

Na wale watakaoandika mikataba ya Likong'o, nawaomba jambo moja lililo mahususi. Kila kiungo cha alumini katika mtambo wa gesi huwa na karatasi yake, yenye aina ya madini, jina la aliyelehemu, vipimo vya joto, saa za tanuri kama ilitumika, na ugumu uliopatikana. Karatasi hizo zaweza kufungiwa katika kabati za mjenzi na kuondoka naye. Kifungu kimoja cha mkataba chaweza kuamuru kwamba nakala zake zibaki Lindi, katika maktaba ya chuo, zisomwe na wanafunzi, na kwamba kando ya jina la kila mlehemu mgeni liandikwe jina la mwanafunzi wa mkoa huu aliyesimama karibu yake tangu kiungo kilipofungwa mezani mpaka kilipotoka katika tanuri.